Aliyejua Hakuwa na Pa Kusemea

Petroli haiingii bwenini yenyewe. Lazima mtu atoe pesa, mwingine aende kuinunua, wa tatu aivushe uani, wa nne aifiche hadi taa zizimwe. Ndiyo maana mkasa wa Mei 1999 katika Shule ya Upili ya Nyeri hauwezi kuitwa hasira ya dakika moja. Wanafunzi waliwafungia viranja wanne katika chumba chao cha kulala, wakamwaga petroli, wakawasha. Wote wanne walikufa.

Hii haikuwa shule ya kichochoroni. Mwai Kibaki alisoma hapo miaka ya 1940, enzi ilipoitwa Mathari, na familia nyingi za Nyeri hadi leo hujivunia mtoto akiitwa huko. Kila kitu kinachohesabiwa kuwa nidhamu kilikuwepo: kengele, gwaride, sare, na viranja wenye mamlaka ya kuadhibu wenzao. Baada ya mauaji yale watu walizungumza sana juu ya viranja, kwamba walipewa nguvu kupita umri wao na kwamba chuki iliwazunguka muda mrefu. Ni kweli, na mengine yamerekebishwa. Kuanzia 2009 shule za upili zilianza kuelekezwa kwenye mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa. Lakini mimi swali langu ni jingine. Ni lile la mvulana aliyesikia mapema.

Yeyote aliyelala bwenini anajua kwamba jambo kama hilo halikai vinywani mwa watu wawili. Huponyoka kwenye foleni ya githeri, hunong'onwa kitanda cha juu na cha chini, huachwa nusu mtu mwingine akiingia. Siamini kwamba katika shule nzima hapakuwa na kijana mmoja aliyesikia kitu kidogo akakosa usingizi. Sasa jiweke mahali pake. Aende kwa kiranja? Kiranja ndiye anayewindwa, na huenda juzi tu amemfyekesha nyasi. Aende kwa naibu wa mwalimu mkuu? Huko ataulizwa majina, na kabla ya chakula cha jioni bweni zima litajua nani amemwaga mtama. Ampigie mzazi? Mwaka 1999 mwanafunzi wa bweni hakuwa na simu, na barua ilikwenda kwa mwendo wake. Kunyamaza ndiyo njia pekee isiyomgharimu kitu usiku ule. Wakatoliki, ambao ndio waliojenga shule nyingi za eneo hili, wana angalau kiti cha maungamo. Walielewa zamani kwamba binadamu anahitaji mahali pa kusema jambo bila kuona uso wa askari.

Mahali hapo kwa upande wa shule palikwisha kuandikwa. Mwaka 1976 kamati ya elimu iliyoongozwa na Peter Gachathi ilipendekeza wanafunzi wapewe huduma ya mwongozo na ushauri nasaha. Kati ya karatasi ile na moto wa Nyeri ilipita miaka 23. Katikati yake, ng'ambo ya mlima, wasichana 19 walikufa Julai 1991 katika shule ya mseto ya St. Kizito kule Meru, baada ya wavulana kuvamia bweni lao usiku. Kisha Machi 2001 moto wa Kyanguli, Machakos, ukaua wavulana 67. Serikali ikaunda jopo likiongozwa na Naomi Wangai kuchunguza nidhamu na ghasia shuleni, nalo likarudi na pendekezo tunalolijua: ushauri nasaha uimarishwe. Ukisoma ripoti hizi mfululizo unaweza kulikariri neno "uimarishwe" kama kiitikio.

Mwaka huohuo wa 2001 kiboko kiliondolewa shuleni kisheria. Katiba ya 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 zikakikomea mlango. Mimi naunga mkono, na sitaki kurudi huko. Ila tuseme ukweli: kiboko kilipoondoka, walimu waliambiwa watumie ushauri nasaha badala yake, na hakuna aliyeajiriwa kuufanya. Mzigo ulishuka begani mwa mwalimu yuleyule. Ndiyo maana kila shule zinapoungua hazikosi sauti za kutaka fimbo irudi. Mwanzoni mwa 2021 hata waziri wa elimu wa wakati huo, George Magoha, alilisema hadharani.

Mtazame basi mwalimu huyo, katika shule ya bweni ya kawaida, iwe Karatina, Othaya, Kerugoya au Nanyuki. Aliajiriwa na tume ya walimu kufundisha Kiswahili na Dini, na vipindi vyake havikupungua hata kimoja siku alipokabidhiwa idara ya ushauri nasaha. Alichaguliwa kwa sababu ni mama mpole, au mchungaji wa kanisa wikendi, au kwa sababu wengine walikataa. Mafunzo yake ni semina ya siku chache wakati wa likizo, isipokuwa awe amejilipia karo ya diploma mwenyewe, na wapo wengi waliofanya hivyo. Ofisi anayo: chumba kando ya stoo ya michezo, neti za voliboli pembeni, mlango usiofungika vizuri, dirisha linalotazamana na majilisi. Mwanafunzi anayeingia mle anaonekana na walimu wote wanaokunywa chai.

Kuna shida kubwa kuliko chumba. Mwalimu huyohuyo huketi katika kamati ya nidhamu. Asubuhi anamsikiliza Kidato cha Tatu akieleza kwamba baba amemfukuza mama nyumbani. Alasiri yuko kwenye kiti akisaidia kuamua kama kijana yuleyule atumwe nyumbani wiki mbili kwa kuruka ua. Wanafunzi si wajinga. Mazungumzo huishia namna hii:

"Madam, nikikuambia kitu, utamwambia nani?"

"Inategemea ni kitu gani, mwanangu."

"Basi. Nilipita tu kukusalimia."

Jibu la Madam halikuwa baya, lilikuwa la kweli. Lakini mnasihi aliyesomea kazi hangesubiri kuulizwa. Angeanza kwa kuweka mpaka wazi: utakayosema yanabaki hapa, isipokuwa uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini, na ikifika hapo, nitakueleza kabla sijafungua mdomo, na jina lako sitalitoa kwa wenzako. Hayo ni maneno machache, lakini nyuma yake kuna miaka ya mafunzo, kuna maadili ya kazi, na kuna msimamizi ambaye mnasihi mwenyewe humwendea akielemewa. Wema peke yake hauyaleti. Mtu anaweza kuwa na moyo wa dhahabu na bado akayasema ya mtoto majilisini kwa nia ya kumwombea.

Kwa hiyo wanasihi wanapodai kutambuliwa, tusiwaone kama watu wanaotafuta cheo. Kenya ina Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia tangu 2014, inayotaka anayefanya kazi hiyo awe amesoma na amesajiliwa. Hospitalini tunaielewa; hakuna anayemkabidhi mhasibu wodi kwa kuwa ni mpole. Shuleni bado tunaona ni sawa. Huko Marekani chama cha wanasihi wa shule kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250, na majimbo mengi hayafikii hapo, lakini angalau kuna hesabu ya kubishania, na kuna wiki moja kila Februari ambapo kazi yao huelezwa kwa wazazi na wabunge. Sisi hatuna hata cha kubishania. Mwalimu mmoja wa idara anaweza kuwa na shule nzima mikononi, na bado asahihishe insha.

Madai yenyewe ni ya kawaida kabisa. Nafasi ya mnasihi itangazwe na tume ya walimu kama inavyotangaza ya Hisabati. Asifundishe, au afundishe kidogo. Asikae kamati ya nidhamu, hata akiombwa. Apewe chumba kisichotazamana na majilisi. Na walimu wakuu, ambao wengi huliona jambo hili kuwa la kudekeza watoto, waeleweshwe kwamba mnasihi huwapa kitu ambacho viranja na walinzi hawawezi kuwapa: habari kabla ya tukio.

Usiku wa Septemba 5, 2024, moto ulizuka katika bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, Kieni, kaunti hiihii ya Nyeri. Watoto 21 wa shule ya msingi walikufa. Kisa hicho si kama cha 1999, na sikilinganishi na cha viranja. Wale walikuwa watoto wadogo waliolala. Nakitaja kwa sababu ya yaliyofuata. Asubuhi ile Shirika la Msalaba Mwekundu lilipeleka watu wa kutoa ushauri nasaha kwa wazazi, walimu na watoto walionusurika. Waliketi na akina mama waliokuwa wakingoja kuambiwa kama mtoto yuko hai, na kazi hiyo ilikuwa ya heshima kubwa. Hakuna aliyeuliza inagharimu pesa ngapi, wala kama ni kudekeza watu. Siku ile kila mtu Nyeri alijua mnasihi ni wa nini.

Bweni linapoungua na wanafunzi wakasalimika, kama ilivyotokea mara nyingi mwaka 2016 shule zaidi ya mia moja zilipowashwa, mambo huwa mepesi zaidi. Wanafunzi hutumwa nyumbani. Wazazi huitwa mkutanoni, wakaketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema, na mwenyekiti wa bodi akasoma hesabu: mabati, mbao, vitanda vya chuma, magodoro, waya za stima, fundi. Jumla hugawanywa kwa idadi ya wanafunzi, kila mzazi akaambiwa fungu lake na tarehe ya mwisho, na mtoto harudi darasani bila risiti. Mzazi akiinua mkono kuuliza ni kiasi gani kingemlipa mnasihi kwa mwaka mmoja, mwenyekiti humwambia kwamba hilo ni la serikali, kisha anaendelea na bei ya rangi.