Sababu ya Malipo



Tukikaa kuzungumza baada ya swala ya Isha, habari ya bitcoin haikosi kuzuka, na swali huwa moja: ni halali au haramu? Wanazuoni wenyewe wametofautiana. Januari 2018, Mufti Mkuu wa Misri, Sheikh Shawki Allam, aliiharamisha. Mwaka 2020, baraza la sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji ya Malaysia liliona kuwa biashara ya mali za kidijitali kimsingi inajuzu. Mimi sina elimu ya kuamua baina yao. Nina swali dogo zaidi, ambalo halihitaji mufti.

Natoka Ngazidja, Komoro. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Moroni, nikafundisha watoto hesabu na kuweka akiba ya faranga 50,000, kama yuro 100 hivi. Nikaamua kununua bitcoin kwa mtu anayeuza mtandaoni. Utaratibu ni huu: muuzaji anaweka sarafu zake chini ya ulinzi wa tovuti, mnunuzi anahamisha fedha kutoka akaunti yake ya benki kwenda akaunti ya muuzaji, humo humo nchini, muuzaji akiona fedha zimeingia, anaziachia sarafu.

Kwenye fomu ya benki kuna mstari wa sababu ya malipo. Muuzaji akaniandikia: "Usitaje bitcoin. Andika ada ya masomo." Nikaandika. Sarafu zikaja, nikafurahi.

Moroni ni mji mdogo. Wiki ya pili, mama alikutana sokoni na karani wa benki, jirani yetu, akampongeza kwamba mwanawe amelipa ada mapema. Mama alikuwa bado anadunduliza ada hiyo hiyo. Akaja kuniuliza pesa nimezipata wapi. Ilibidi niongeze uongo wa pili au niseme kweli. Nikasema kweli. Hakuniuliza bitcoin ni kitu gani. Aliuliza: "Kama ni jambo la heri, mwanangu, mbona umelibadilisha jina?"

Nilijitetea, na najua utetezi huu wengi wetu tunao. Fedha ni zangu. Sikumwibia mtu. Benki haina haja ya kujua. Tena ningeandika kweli, huenda wangeyazuia malipo.

Fedha ni zangu, ndiyo, lakini neno nililoandika niliwapa wengine walifanyie kazi. Karani alilipokea akaliamini. Na akaunti ile inapokea fedha za watu nisiowajua. Mwizi aliyekomba salio la mtu naye akija kununua, ataambiwa aandike ada ya masomo, na mbele ya karani mimi na yeye hatuna tofauti. Uongo wangu mdogo unamsitiri. Siku benki itakapoushtukia mchezo huu, atakayehojiwa ni mzazi anayetuma ada ya kweli.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, akakuta unyevu ndani yake. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutouweka unyevu ule juu, watu wauone.

Ikiwa benki haitaki malipo haya, naweza kuhamia nyingine, naweza kupeleka hoja kwa wakubwa wake, naweza kuacha. Kudanganya hakumo katika haki zangu.

Kabla ya kurudi hapa chuoni Kampala nilimwendea karani nikamweleza. Kisha nikamwandikia muuzaji kwamba nikinunua tena nitaandika "ununuzi wa bitcoin". Akajibu kwamba hataniuzia. Nikaacha. Zile nilizonunua bado ninazo, na kila nikizitazama nakumbuka nilivyozipata.

Hii si fatwa, ndugu zangu. Ila kabla hujauliza kama biashara fulani ni halali, jaribu kuitaja kwa jina lake mbele ya karani, na mbele ya mama yako.

Wallahu a'alam.