Kurudi Tulikokulia: Ni Deni au ni Utalii?



Leo tutafakari jambo ambalo wengi wetu tunalikwepa mpaka Desemba ifike: kurudi mahali tulipokulia. Mwaka ukiisha, mabasi yanajaa. Wengine wanarudi kwa furaha, wengine kwa lazima ya msiba au harusi, na wengine hawarudi kabisa. Swali langu ni hili: je, mahali palipotulea panatudai chochote? Na kama panatudai, ni nini hasa?

Mimi ni mtoto wa Muyama, kule juu Kigoma, kwenye baridi na ukungu wa asubuhi. Nilizaliwa wilaya ya Kasulu, na leo nyumbani kwetu ni wilaya ya Buhigwe, bila sisi kuhama hata hatua moja. Wilaya mpya ilitangazwa mwaka 2012, basi. Hilo peke yake linafundisha: ukiondoka, mahali hapakusubiri. Panaendelea na safari yake.

Tatizo letu wengi tunaoishi mijini ni kwamba tunataka pasubiri. Tunataka kijiji kibaki kama tulivyokiacha, ili tukija siku tatu tuguswe moyo, tupige selfi, kisha tuondoke. Nilimsikia jamaa mmoja wa rika langu, amekuja likizo, tumeketi uani kwa mama mkubwa tunakula ugali wa muhogo na maharage. Akaanza kulalamika: kijiji kimeharibika, zamani palipendeza, nyumba zote za nyasi, sasa mabati tu, kila mahali bodaboda na kelele. Mama mkubwa alimwacha amalize. Kisha akasema kwa upole tu:

"Mwanangu, hiyo nyasi unayoisifu, mvua ikinyesha usiku nilikuwa nahamisha watoto kona hii kwenda kona ile mpaka kunakucha. Na hiyo bodaboda ndiyo ilimfikisha mke wa jirani hospitali akajifungua salama."

Tukanyamaza wote. Jamani, ndiyo uzito wa jambo lenyewe. Kumbukumbu zetu tamu, mara nyingi kuna mtu alizilipia. Sisi tulicheza kijitoni, yeye alibeba ndoo. Ukitaka kijiji kibaki maskini ili kumbukumbu yako ibaki nzuri, huo si upendo. Ni kumfanya ndugu yako awe pambo la moyo wako.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anaieleza kumbukumbu kama jumba kubwa ambalo mtu anaweza kutembea ndani yake akiwa ameketi palepale. Nafikiri hapo kuna jibu. Kama ninachokitaka ni yaliyopita tu, sihitaji kukata tiketi. Yaliyopita hayahitaji nauli. Nikae chumbani kwangu Dar es Salaam, nifumbe macho, nitauona mgomba wa nyuma ya nyumba na nitasikia kengele ya kanisa. Nauli ninailipa kwa ajili ya walio hai sasa. Augustino mwenyewe, baada ya kubatizwa Milano, alirudi Afrika mwaka 388, akaenda Thagaste alikozaliwa. Hakwenda kuomboleza utoto wake. Alikwenda kuishi na wenzake maisha ya sala, kama mtu mpya katika mahali pa zamani.

Sasa niwaambie kilichonipeleka mimi. Ninajiandaa kufunga ndoa, na paroko wa huku alitaka cheti cha ubatizo cha karibuni kutoka parokia niliyobatizwa. Wengi wenu mtapita njia hiyo hiyo, na najua wapo wanaoona ni usumbufu. Lakini hebu tuangalie kinachofanyika pale. Sheria ya Kanisa inataka kila ubatizo uandikwe katika kitabu cha parokia. Baadaye, ukipata Kipaimara, ukifunga ndoa au ukipewa daraja takatifu, hata kama ni mbali, habari zinarudishwa zikaandikwe kwenye kitabu kile kile.

Pale ofisini nilioneshwa mstari wangu. Tarehe, majina ya wazazi, jina la mama yangu wa ubatizo. Pembeni pameandikwa Kipaimara, ambacho nilikipata Tabora nikiwa sekondari. Na mbele yake nafasi iliyo wazi, ambapo ndoa yangu itaandikwa. Yaani nitafunga ndoa Dar es Salaam, halafu habari itasafiri kurudi Muyama. Miaka yote niliyokuwa nahangaika na mitihani na kutafuta kazi, ukurasa wangu ulikuwa umetunzwa huku, na watu ambao hata siwajui.

Katibu wa parokia aliponionesha lile jina la mama yangu wa ubatizo akaongeza, "Huyu yupo, anakaa kule chini, macho tu ndiyo yanasumbua." Nikashuka. Nilipobisha hodi hakunitambua kwa sura. Nilipiga magoti nikamwamkia, "Shikamoo mama," nikataja jina la baba yangu. Akanishika mikono yote miwili, akaniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hakuna anayeniita mjini. Akasema kila Jumamosi ananitaja kwenye rozari. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Unasali?"

Hakuniuliza nimeleta nini. Ndugu zangu, deni letu lipo hapo. Sukari na sabuni tupeleke, ni vizuri sana, na tukiweza tuchangie paa la kigango. Lakini tunachodaiwa hasa ni kujionesha kwa wale waliotubeba bila sisi kuwaona. Mtu amekutaja mbele za Mungu miaka zaidi ya ishirini. Ana haki ya kuona sala yake imekua vipi.

Tukumbuke pia kwamba kuwa na mahali pa kurudi ni zawadi, si haki ya kila mtu. Huku kwetu tunajua. Babu zetu wengi walikwenda Tanga kama manamba kwenye mashamba ya mkonge, na wengine walizikwa huko huko. Kuanzia mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma. Familia zilizokuwa zimetawanyika milimani zikahamishiwa vijijini. Mpaka leo mzee anaweza kukuonesha kichaka akasema, "Pale ndipo nilipozaliwa." Ni mahame tu. Na kambi ya wakimbizi ya Mtabila, huku huku Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Kuna vijana wa rika letu waliozaliwa na kukulia pale, wakapelekwa Burundi, nchi ambayo hawakuwahi kuiona. Wao wakitaka kurudi walikochezea, warudi wapi? Ukikutana na kijana wa namna hiyo, usimuulize kwa haraka, "Kwani kwenu ni wapi?" Mpe nafasi akusimulie.

Na kurudi si lazima kuwe kutamu. Yesu mwenyewe alirudi Nazareti alikolelewa, tunasoma Luka sura ya 4. Walimwona mtoto wa Yosefu tu, na mwishowe wakataka kumtupa kutoka kwenye ukingo wa mlima. Kama nyumbani kwako kuna aliyekuumiza, au maneno ya dharau yanakusubiri, fahamu kwamba Bwana anaijua njia hiyo. Yeye aliingia sinagogi kama ilivyokuwa desturi yake, akasema ukweli, akapita katikati yao akaenda zake. Kuna kurudi kwa namna hiyo pia, na hakuna dhambi kuondoka salama.

Basi, ukienda nyumbani mwaka huu, jaribu mambo haya. Kabla hujasema "zamani palikuwa pazuri," uliza, "Sasa mnaishije?" Nenda misa ya kigango, hata kama ni ndefu na kwaya inaimba bila kinanda. Mtafute katekista aliyekufundisha, au msimamizi wako wa ubatizo. Kama ametangulia, nenda kaburini ukasali. Na ukikaa uani, sikiliza zaidi ya unavyosimulia. Wewe ndiye mgeni pale, ingawa ni kwenu.

Maswali ya kujitafakari:
1. Ni nani aliyenilea kiimani ambaye hajaniona kwa miaka mingi?
2. Ninapokumbuka utoto wangu, ni kazi ya nani ambayo siikumbuki?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyekulia Nazareti, wabariki waliobaki kule tulikotoka. Utupe moyo wa shukrani, na wote wasio na mahali pa kurudi uwe makao yao. Amina.