Unyevu chini ya rundo



Ndugu zangu katika imani, mnaijua hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.): Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasingizia mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa watu waione, kisha akajitenga na kila mdanganyifu.

Tangu madrasa nilidhani hiyo ni habari ya pesa tu. Sasa nasomea uuguzi, na unyevu ule naukuta tena darasani. Karanga na mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu, na kuvu hutoa sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini. Na mwenye virusi vya homa ya ini B hatari yake huzidi mara kadhaa. Ikiliwa nyingi, haingoji miaka: mashariki mwa Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317, wakafa 125.

Pombe sitaisemea, mimbari zote zimekwisha kuisema. Lakini homa ya ini tunaikalia kimya. Rwanda ilianza kuwachanja watoto dhidi ya aina ya B mwaka 2002. Uliyezaliwa kabla ya hapo, nenda ukapime. Na ndugu zetu wa hijama: hijama ni sunna, kuchangia wembe si sunna.

Sasa niseme langu. Nimekua nikimsaidia shangazi kuuza karanga hapa Gisenyi. Tulizichambua: nzuri tukaziuza nzima, zilizosinyaa na kuota kuvu tukazipeleka mashineni. Unga hauonyeshi kuvu. Ulivuka mpaka hadi Goma, ukaungwa kwenye sombe ya watu tunaoswali nao Idi. Mkono wa nani ungeufikia unyevu huo?

Mwezi jana nilimweleza. Alinyamaza kitambo, akauliza, "Na hizo za kutupa, mwanangu, nani atanilipa?"

Swali lake ni la haki, maana ana watoto wa kulisha. Tumenunua turubai, karanga hazianikwi tena chini kwenye udongo. Mbovu tunazifukia, hata kuku hatuwapi. Hasara ya gunia la kwanza tuligawana, nusu ikatoka kwenye posho yangu. La pili limefika juzi, na bado hatujalifungua.