Kipimo na Mtu
Kila mwaka, mjini Indianapolis, Marekani, vijana wa vyuo vikuu wachezao mpira wa Kimarekani hupimwa kabla timu za kulipwa hazijawachagua. Hupimwa kimo, uzito, hata ukubwa wa kiganja. Na mbio za yadi 40 huhesabiwa hadi sehemu ya mia ya sekunde. Je, mtu hupimika hivyo? Mwaka 2000, Tom Brady wa Chuo Kikuu cha Michigan alitanguliwa na wenzake 198 katika uchaguzi huo. Baadaye alitwaa ubingwa mara saba. Hatusemi kipimo ni upuuzi, kwani aajiriye hana budi kupima. Twasema apimaye, awe kocha au mwalimu, aujue mpaka wa kipimo chake, asije akamwambia kijana kuwa hafai, ilhali alichokijua ni mwendo wake tu.