Mama wa Kwenye Kiota

Kumbukumbu la Torati 22:6–7

Mwaloni kwetu kuna ugomvi ambao haujaisha tangu ibada ya mavuno. Tajiri mmoja mwenye kokoro, wavu usio halali, alileta sadaka nono, na mzee wa kanisa akasema mbele ya watu kwamba ile ni fedha ya haramu. Kijana mmoja anayevuta kokoro hilo akasimama na Biblia mkononi. Torati inaruhusu kuchukua makinda, akasema, basi mbona mnatukataza samaki wadogo?

Anastahili jibu. Mstari anaoutaja unamhusu mtu anayekuta kiota njiani, mama amelalia mayai au makinda. Ni kweli Musa hamzuii kula. Mimi mwenyewe sipendi mahubiri ya mazingira yanayomfanya mwenye njaa aonekane mwizi kwa kuwa tu ameshika wavu. Kinachokatazwa ni kumchukua mama pamoja na wanawe. Mama aachwe aende, kwa kuwa ndiye atakayetaga tena.

Sasa tulitazame kokoro. Linazungushwa kwenye maji ya kina kifupi, kisha linavutwa hadi ufukweni likikwangua chini kote. Huko ndiko sato wanakozaliana, na sato jike huatamia mayai yake mdomoni. Kokoro halichagui: linamzoa mama, na mayai yamo kinywani mwake. Hapo ruhusa ya Torati imekwisha, mwanangu. Hata kwa sangara hatuna pa kujificha. Kwa miaka mingi kanuni ya Ziwa Victoria ilikuwa kwamba wa chini ya sentimita 50 aachwe akue, na aliyezidi 85 aachwe azae. Hiyo ya pili imebishaniwa sana, na mabondo ya sangara wakubwa yana bei, lakini aliyeiandika alikuwa jirani wa Musa, awe alijua au hakujua.

Kinachonishika zaidi ni ahadi iliyofungwa kwenye amri hii: kufanikiwa, na siku kuongezeka. Ndiyo ahadi anayopewa anayewaheshimu baba na mama. Kwa ajili ya ndege! Tena ni njiani, pasipo shahidi wala faini. Sisi huvua kwa adabu boti ya doria ikionekana. Ikiondoka, kokoro linatolewa vichakani. Tumeigeuza amri ya Mungu kuwa shughuli ya maofisa uvuvi.

Nanyi wazee mliopaza sauti ibadani, ile mboga ya jioni mnainunua kwa nani? Kijana yule anavuta kamba kwa ujira; wavu si wake. Tukimkemea yeye huku mwenye wavu tukimwekea kiti cha mbele, Yakobo ameshaliandika jina la dhambi hiyo: ni upendeleo.

Mimi mwinjilisti wenu nimependekeza sadaka yote ya mavuno inunue nyavu halali, za inchi 6, kwa vijana watakaoacha kokoro. Mhazina anapinga, anasema fedha ile ni ya paa la kanisa. Basi asome mstari unaofuata, wa 8, maana nao unahusu paa: anayejenga nyumba mpya azungushie dari yake ukuta, mtu asije akaanguka na damu yake ikadaiwa kwa mwenye nyumba.