Mtoto Asitumwe Peke Yake

Tafakari ya juma: Kumbukumbu la Torati 6:4-9



Musa anapowaagiza wazazi wa Israeli wawafundishe watoto amri za Bwana, haanzi na watoto. Maneno hayo sharti yakae kwanza moyoni mwa mzazi, ndipo ayazungumze na wanawe nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Juma hili nawaalika tulisome agizo hilo tukikabili jambo ambalo mimbarini hatuligusi: watoto wetu wanaonenepa kupita kiasi.

Najua wapo watakaoguna. Tanzania, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takriban watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Leo padre anahangaika na vibonge? Ndugu zangu, yote mawili yapo, na mjini yanaweza kupanga nyumba moja. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka huohuo wa 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye uzito uliozidi walikuwa zaidi ya milioni 390 duniani. Kwetu mashavu ya mtoto yamekuwa ushahidi kwamba nyumbani hakuna njaa. Katika miaka ya tisini aliyekonda alinyooshewa kidole kwamba amekanyaga waya, yaani ana UKIMWI. Bibi aliyeyaona hayo akimsukumia mjukuu andazi la tatu, mimi simlaumu. Anampenda kwa namna aliyoijua.

Ila upendo huo unahitaji kuongozwa. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Leonard Epstein, pamoja na wenzake, walizichukua familia zenye mtoto mnene wa miaka 6 hadi 12 na mzazi mnene, wakazigawa makundi matatu. Wote walifundishwa mambo yaleyale ya chakula na mazoezi, vyakula vikipangwa kwa rangi za taa za barabarani: kijani kula, njano angalia, nyekundu mara chache. Tofauti ilikuwa katika zawadi. Kundi la kwanza, mzazi na mtoto wote walituzwa kwa kubadilika. La pili, mtoto tu. La tatu walituzwa kwa kuhudhuria. Matokeo ya miaka 10 yalitangazwa mwaka 1990: watoto waliobadilika pamoja na wazazi, uzito wao uliozidi kiwango ulikuwa umeshuka kwa wastani wa asilimia 7.5; wale wa mahudhurio ulikuwa umepanda kwa asilimia 14.3. Waliotuzwa peke yao walikuwa katikati, nao walikuwa wamepanda kidogo.

Miaka kumi! Kijana amekwisha kuota ndevu, na bado mwili wake unabeba alama ya kwamba mzazi alishiriki au alikaa pembeni.

Mwaka 2023 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilipendekeza familia ipate angalau saa 26 za mafunzo ya ana kwa ana, ndani ya miezi 3 hadi 12. Saa 26 ni siku moja na saa mbili. Siku zote zilizobaki mwalimu ni sufuria yenu, friji yenu, na ile hela ya kula shuleni mnayompa asubuhi bila kuuliza imenunua nini.

Korona ilipofunga milango ya kliniki nyingi mwaka 2020, mafunzo ya namna hii yalihamia pia kwenye simu. Si vibaya. Nauli inabaki mfukoni, mama hafungi genge lake, na mtaalamu analiona jiko lenyewe. Lakini kwenye simu mtu anaweza kuhesabiwa yupo naye hayupo: kamera imezimwa, mtoto kaachiwa asikilize, mzazi anakaanga chipsi. Wala kufika kliniki si dawa kama mzazi anakaa benchi la nje akichati, kana kwamba ameleta redio kwa fundi. Kwa maoni yangu, tusigombee njia. Tuulize nani ameingia darasani.

Na hapo ndipo ninapowageukia akina baba. Kliniki za watoto zimejaa mama, shangazi na bibi. Baba analeta soda mbili za lita jioni, anapendwa. Mama anakataza, anaonekana mkali. Mtoto atamsikiliza nani? Halafu tunamwita “bonge” mezani mbele ya wageni, tunacheka. Hiyo ni dhambi, iungameni. Unene una sababu nyingi, hata za kurithi, na mtoto hakujichagulia mwili wala hakwenda sokoni. Msimnyime chakula kwa ghadhabu pia. Mtoto anayekua hapunguzwi kienyeji, nendeni akapimwe, mwelekezwe.

Wanajumuiya, mnaokaribisha sala wiki hii, wekeni maji na matunda ya msimu badala ya kreti ya soda, na asiwepo wa kusema mwenyeji ni bahili. Na wewe baba ambaye mwanao ana tarehe ya kliniki, au somo la simu Jumamosi, omba ruhusa kazini, uketi naye mwanzo hadi mwisho, kisha kile alichoambiwa asile, nawe usikilete nyumbani.