Je, Wimbo Una Kwao?

Wahenga walituusia kuwa mwacha mila ni mtumwa. Usia huu ni wa kweli, wala hatukusudii kuupinga. Lakini liko jambo moja usilotuambia, nalo ni jambo ambalo kila mhakiki wa sanaa hana budi kulijua kabla ya kutoa hukumu: ni kwa ishara gani tutaitambua kazi ya sanaa iliyo yetu? Je, ni kwa mahali yalikotoka mahadhi yake, au ni kwa kazi waliyoifanya watu wetu juu ya mahadhi hayo? Twaona vema tulipime swali hili kwa mfano wa santuri moja, kisha kwa mfano wa mji mmoja.

Santuri hiyo yaitwa Ave Africa. Ilitolewa nchini Zambia mwaka 1976 na bendi ya Sunburst, iliyoanzia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwimbaji wake akiwa James Mpungo na mpiga gitaa wake Hembi Flory Kongo. Vijana hawa waliuchukua muziki wa soul na fanki, ambao ni muziki wa Wamarekani Weusi, wakautia ngoma za Kiafrika, na wakaimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kwa sikio la mtu mwenye haraka, huo ulikuwa uigaji. Kwa sikio lenye subira, ulikuwa mazungumzo baina ya ndugu waliopoteana kwa karne nyingi.

Lakini sikio lenye subira lilikuwa adimu siku zile. Tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, Mwalimu Nyerere aliwasikitikia waliojua kucheza dansi za kigeni ilhali hawazijui ngoma za kwao. Katika hotuba iyo hiyo alionya pia kuwa taifa likataalo kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Wengi waliishika nusu ya kwanza wakaiacha ya pili. Mwezi Novemba 1969, viongozi wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa soul katika madansi ya Dar es Salaam.

Tusiwadhihaki viongozi hao. Hofu yao haikuwa ya bure, kwani nchi iliyotoka kutawaliwa jana ina haki ya kuogopa kutawaliwa tena kwa mlango wa starehe. Hata hivyo, miaka ile ile bendi kama NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, zilipiga magitaa na matarumbeta katika mapigo ya rumba yaliyotoka Kongo, nayo Kongo iliyapokea kutoka Kuba. Hakuna aliyeziita bendi hizo za kigeni. Kwa nini? Si kwa sababu gitaa lilizaliwa Uzaramo, bali kwa sababu wapigaji walikuwa wamekwisha kulifanyia kazi hata likasema Kiswahili. Basi kama kazi iliihalalisha rumba, kwa kanuni gani soul ilinyimwa nafasi ya kufanyiwa kazi?

Sasa tuelekee magharibi, hadi Mpanda. Msomaji aweza kuuliza: mji ulio mbali hivyo una uhusiano gani na bendi ya Dar es Salaam? Unao uhusiano mkubwa, kwa kuwa mji huo wenyewe umejengwa na yaliyotoka mbali. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, wageni waliouchimba wakaenda zao, lakini reli na mji vikabaki, navyo leo ni mali ya watu wa Katavi. Tangu mwaka 1972 walifika wakimbizi kutoka Burundi, wakapewa misitu ya Katumba, na baadaye, mwaka 1978, ya Mishamo. Waliifyeka, wakalima, wakazaa na kulea. Taifa liliwakubali kuwa raia zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, na mwaka 2014 likaanza kuwakabidhi hati zao. Mizani iliyotumika haikuwa asili ya baba zao peke yake. Ilikuwa pia jasho lao juu ya ardhi hii. Taifa lililoweza kumpokea mtu kwa namna hiyo, laweza kuukataa wimbo kwa kuuliza tu babu yake alizaliwa wapi?

Iko hoja moja ya kujibiwa. Mtu aweza kusema: yapo mambo yasiyohamishika. Kando ya ziwa Katavi umesimama mkwaju ambao Wabende husimulia kuwa ni makao ya roho ya Katabi, na watu huweka sadaka chini yake. Mkwaju huo haupandikizwi Zambia, wala hauletwi mwingine kutoka Marekani ukawa badala yake. Hoja hii twaikubali. Tambiko lina mahali pake, na anayelihamisha analiua. Lakini wimbo si mti. Wimbo huishi kwa kupokezanwa, na usipotoka kinywa hadi kinywa hufa. Kuuhukumu wimbo kwa sheria ya mkwaju ni kuichanganya mizizi na mabawa.

Malipo ya kuchanganya hivyo twayaona. Nchi yetu wakati ule haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Bendi iliyotaka kusikika mbali ilibidi ivuke mpaka. Mwaka 2016 kampuni ya Ulaya iitwayo Strut ilizikusanya rekodi za Sunburst za miaka 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya, na wahakiki wa huko wakaziandikia sifa. Wala sifa hizo zisitupumbaze. Anayeipenda kazi kwa kuwa ni kitu adimu kutoka mbali hakuisikiliza zaidi ya yule anayeikataa kwa kuwa ina harufu ya mbali. Wote wawili wametazama mlango, wakaisahau nyumba.

Kwa hiyo mhakiki wa kweli na aulize mambo mengine: je, fundi huyu ameifahamu kazi aliyoichukua? Ameiongezea nini? Na anayeisikia, awe Kariakoo au Mpanda, anajiona humo au anamwona mtu mwingine tu? Majibu yaweza kuwa makali, na yapo mengi ya kigeni yatakayoanguka mbele yake, kama yatakavyoanguka mengi ya nyumbani. Lakini itakuwa hukumu iliyotanguliwa na usikivu. Mwacha mila ni mtumwa, naam. Na anayeidhania mila kuwa ni uzio, hata asione kuwa ni kazi ya mikono, naye hajawa huru.